Watu wazima wanaona nini katika Hellboy?

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, niko Tanga. Mpwa wangu anayeishi Toronto alipokuja likizo aliniachia juzuu tatu za katuni za Hellboy, akasisitiza nizisome. Nimemaliza ya kwanza kwa taabu. Nilichokiona ni jitu jekundu lenye mkia linalotwangana na mazimwi, na maelezo marefu ya mwisho wa dunia. Kijana huyu ni mhandisi, mtu mzima mwenye watoto, lakini habari za vitabu hivi anazizungumza kama mimi ninavyozungumza habari za Shaaban Robert. Mazimwi na vibwengo tulisimuliwa na bibi zetu bila kulipa senti. Watu wanaona nini humu? Na si vibaya shujaa kuwa mtoto wa shetani?"

Jibu:

Shikamoo, Mwalimu. Juzuu ya kwanza inachosha, hapo sitabishana nawe. Kama ni ile iitwayo Seed of Destruction, ya mwaka 1994, basi umeshika kazi ya mchoraji ambaye alikuwa bado hajaamini kwamba anaweza kuandika. Mike Mignola, Mmarekani wa California aliyezaliwa mwaka 1960, alikuwa ametumia miaka kumi akichora mashujaa wa watu wengine katika kampuni za Marvel na DC. Alipopata nafasi ya kutoa shujaa wake mwenyewe kwa mchapishaji Dark Horse, maneno alimwachia John Byrne, mkongwe wa fani. Byrne akajaza kurasa. Kila kisanduku kina mtu anayejieleza, anayewaza, anayetoa historia. Baada ya hapo Mignola alishika kalamu mwenyewe, na ukiweka juzuu ya kwanza na ya tatu pembeni kwa pembeni utaona mara moja: maneno yamepungua, weusi umeongezeka, na ngano zimeingia kwa mlango wa mbele. Wapenzi wa mfululizo wowote wana ugonjwa mmoja, wa kumlazimisha mgeni aanze namba moja. Mpwa wako naye ameupata.

Kwa wasomaji wengine ambao hawajui tunazungumzia nini, nifupishe. Desemba 1944, Manazi wakishirikiana na Rasputin, yule mtawa wa Urusi ambaye katika hadithi hii hakufa akafa, wanafanya kafara ya kuita kitu kutoka kuzimu. Kinachokuja ni mtoto mwekundu mwenye mkia, pembe, na mkono wa kulia wa jiwe, naye anaangukia kwenye magofu ya kanisa Uingereza. Profesa mmoja anamchukua, anamlea kama mwanawe, na akikua anaajiriwa na idara ya Marekani inayochunguza mizuka na mambo ya giza. Kila pepo anayekutana naye humwambia jambo lilelile: mkono huo ni ufunguo wa kuiangamiza dunia, na siku yako inakuja. Yeye hataki kusikia. Pembe anazikata, akabaki na visiki viwili kwenye paji la uso, kisha anavaa koti lake na kwenda kazini.

Hapo ndipo kuna kivutio cha kwanza, ingawa si kikubwa kuliko vyote. Hellboy hana makuu. Akikutana na zimwi hatoi hotuba, hunung'unika kama fundi bomba aliyeamshwa saa nane usiku. Amechoka, ana njaa, na anataka kazi iishe. Kwa namna hiyo anafanana na watu wetu wa pwani kuliko na mashujaa wa sinema: mzee wa kijiji anapoambiwa kuna kitu kwenye mbuyu haulizi kama vitu hivyo vipo, anauliza ni cha aina gani na kinataka nini.

Sasa twende kwenye kiini. Unasema uliona jitu likipiga ngumi. Nakuomba usome hadithi fupi iitwayo The Corpse, halafu unieleze ngumi zilimsaidia wapi.

Ni Ayalandi, mwaka 1959. Mume na mke wana mtoto mchanga kitandani, lakini wana hofu kwamba aliyelala pale si wao. Hellboy anaingia. Hatoi bastola wala havunji mlango. Anamgusa mtoto kwa chuma, kwa sababu watu wadogo wa chini ya vilima, vibwengo wa Kiayalandi, hawakivumilii chuma. Kile kitoto kinaanza kupiga kelele na kutukana kwa sauti ya mtu mzima, na ukweli unatoka: mtoto halisi amechukuliwa, na anayemtaka aende porini usiku akazungumze na wenyewe. Anakwenda. Wanatokea vizee vifupi vimebeba maiti. Masharti yao ni haya: maiti hii izikwe kwenye ardhi ya kanisa kabla jua halijachomoza, la sivyo mtoto haonekani tena. Maiti inamrukia Hellboy mgongoni, inamkumbatia shingo kwa mikono yake mikavu, na safari inaanza, huku maiti yenyewe ndiyo ikielekeza njia. Wanafika makaburini, wafu waliolala pale wanakataa. Pamejaa. Wanakwenda kwingine. Kwingine nako kuna matatizo yake. Njiani anatokea dubwana la umbo la nguruwe na kumtwanga shujaa wetu vibaya, na huku saa zinakwenda.

Angalia kilicho mle ndani, Mwalimu. Hakuna anayeeleza kwa nini vibwengo hawawezi kuizika maiti wao wenyewe. Hakuna anayeeleza kwa nini iwe kabla ya alfajiri. Hellboy mwenyewe hajaribu kubishana: ameahidi, basi ahadi ni ahadi, na anabeba maiti inayoongea kama mtu aliyebeba gunia la mkaa. Nguvu zake zote za kuvunja ukuta hazimpunguzii hata dakika moja ya usiku ule. Anayeokoa mtoto ni mtu anayeijua kanuni ya mahali na kuitimiza.

Mignola hakuitunga kutoka hewani. Mifupa yake ni ngano ya Kiayalandi ya Teig O'Kane na maiti, iliyokusanywa na Douglas Hyde, mtaalamu wa lugha ya Kiayalandi ambaye mwaka 1938 akawa rais wa kwanza wa nchi hiyo. Katika ngano ya Hyde, Teig ni kijana wa tajiri, mpenda anasa, aliyempotosha binti wa watu na sasa anagoma kumuoa. Maiti ni adhabu yake. Analazimishwa kuibeba kanisa hadi kanisa usiku kucha, na wafu wanainuka makaburini kumfukuza. Mignola ameondoa adhabu akaweka biashara: ubebe mzigo wetu, tukupe mtoto. Mengine yote ya ajabu ameyaacha yalivyo. Mwanzoni mwa hadithi zake fupi, ndani ya juzuu, mara nyingi huweka maneno machache ya kusema ngano hii kaitoa wapi na kaigeuza vipi. Ni jambo dogo, lakini ukilisoma unajua huyu ni mtu aliyekaa na vitabu vya ngano kwa miaka na hana haya kutaja mwalimu wake.

Kuna sababu ya kifundi pia iliyofanya hadithi hiyo iwe na kasi. Ilitoka kwanza mwaka 1995 vipande vipande, kurasa mbili mbili, ndani ya katalogi iliyotumwa kwa wauza katuni. Maana yake kila kurasa mbili lazima litokee jambo, na lazima liishie mahali pa kumfanya mtu angoje toleo lijalo. Hakukuwa na nafasi ya kueleza. Kilichoanza kama ubahili wa kurasa kikawa staili.

Wewe umefundisha fasihi simulizi, kwa hiyo nitatumia mfano ulio nao kabatini. Chukua Nunda mla watu, kisa cha Unguja ambacho Edward Steere alikichapa London mwaka 1870. Paka wa sultani anakula kuku, watu wanalalamika, sultani anasema paka ni wake na kuku ni wake. Anakula mbuzi, anakula ng'ombe, anakula watu, sultani haambiliki, mpaka analiwa mtu wa nyumbani mwake. Kisha mwana mdogo anatoka kumwinda. Anaua mbwa, anarudi akimwimbia mama yake kwamba amemuua nunda. Mama anamjibu, mwanangu, siye. Anaua mnyama mwingine, siye. Anapanda hivyo mpaka tembo, na bado siye.

Mpe kisa hicho mwandishi wa leo wa filamu. Kwanza atataka kujua paka aligeukaje kuwa nunda. Ataweka maabara au laana ya mchawi. Pili, zile safari za bure za kijana atazipunguza zibaki moja, kwa kuwa zinarudiarudia. Tatu, atamfanya kijana awe na huzuni ya utotoni. Akimaliza, nunda atakuwa ameeleweka kabisa na hatamtisha mtu. Mignola angeacha kila "siye". Huo ndio uwezo wake, na ndiyo maana mhandisi wa Toronto anarudi kumsoma: mtu anayeshinda siku nzima kwenye kazi ambako kila kitu lazima kiwe na maelezo anakuta mahali ambapo mambo yana kanuni bila kuwa na maelezo.

Mfano mwingine utakaokugusa. Katika Darkness Calls ya mwaka 2007, iliyochorwa na Duncan Fegredo, yule bibi mchawi wa Kirusi Baba Yaga anamtafuta Hellboy kulipiza kisasi cha jicho alilomtoboa kwa risasi miaka mingi nyuma. Anamtuma Koshchei, askari asiyekufa. Hellboy anamvunja, anamsaga, Koshchei anasimama tena. Hawezi kufa kwa kuwa mauti yake hayamo mwilini. Katika ngano za Kirusi yamo kwenye sindano, sindano imo ndani ya yai, yai ndani ya bata, bata ndani ya sungura. Sasa niambie, Mwalimu, umemkumbuka nani? Fumo Liyongo, ambaye mkuki haumpati wala mshale haumdhuru, na anayekufa kwa sindano ya shaba kitovuni. Sidai kwamba hadithi hizi ni ndugu wa damu. Nasema msomaji aliyelelewa na utendi wa Liyongo hahitaji kufundishwa kwa nini ngumi hazimfai Hellboy usiku ule. Anajua papo hapo kwamba swali halihusu nguvu, linahusu siri iko wapi na nani ataitoa.

Japani nako ni hivyo hivyo. Kuna hadithi fupi, Heads, Hellboy analala kwenye nyumba ya watu wakarimu, na usiku vichwa vya wenyeji wake vinaachana na shingo na kuruka nje kutafuta nyama. Ngano hiyo mwandishi Lafcadio Hearn aliiandika mwaka 1904, na dawa yake ni ileile ya kale: kihamishe kiwiliwili, kichwa kikirudi hakitaweza kujiunga. Kurasa chache, imekwisha.

Niingie kidogo kwenye michoro, maana hiyo ndiyo kazi yangu na wengi wanaoandika kuhusu Hellboy huiruka. Alan Moore, mwandishi wa katuni, alipouelezea mkono wa Mignola alisema ni uchoraji wa giza wa Kijerumani umekutana na mchoraji Jack Kirby, yaani zile filamu za kimya za Ujerumani zenye vivuli virefu, zikichanganywa na misuli ya mashujaa wa Marvel. Ni sawa, lakini mimi ningetazama zaidi anachokiacha. Mchoraji wa kawaida wa kutisha huchora kila jino la zimwi. Mignola anamwaga wino mweusi mpaka robo tatu ya kisanduku imezama, na anakuachia jicho moja, ukucha, na ukingo wa bega. Jicho lako linamalizia lililobaki, na linamalizia vibaya kuliko kalamu yoyote.

Kisha ana tabia moja ambayo mwanzoni inakera. Katikati ya purukushani anaingiza visanduku vidogo visivyohusu chochote: uso wa sanamu ya mtakatifu uliomeguka pua, kunguru, fuvu kwenye rafu, mshumaa. Hakuna maneno. Fanani mzuri akifika mahali pa hatari hunyamaza, hutazama motoni, hadhira ikabaki imeshika pumzi. Katuni haina sauti, kwa hiyo haina kimya cha bure. Kimya lazima kichorwe na kilipiwe nafasi kwenye ukurasa. Vile visanduku ni kimya cha Mignola. Ukivisoma haraka, hadithi nzima inakuwa fupi na kavu. Ukivisimamia, inatisha. Rangi za Dave Stewart nazo zinafuata nidhamu hiyohiyo: kijivu, kijani kilichofifia, kahawia ya udongo, na katikati yake ule wekundu wa Hellboy, ambao mara nyingi ndio rangi pekee inayopiga kelele ukurasani.

Kuhusu swali lako la mwisho, la shujaa kuwa mtoto wa shetani, kuna hadithi ya kurasa mbili tu inayoweza kukujibu kuliko mimi. Inaitwa Pancakes, ya mwaka 1999. Ni 1947, kambi ya jeshi jangwani New Mexico. Hellboy ni kitoto. Jenerali anamletea kifungua kinywa, chapati za maji kwa mtindo wa Kimarekani. Kitoto kinagoma: hakitaki, na jina lenyewe hakiwezi kulitamka. Anabembelezwa aonje kidogo. Anaonja. Uso unabadilika: kumbe ni tamu! Hapo hapo tunashushwa kuzimu, kwenye mji mkuu wa mashetani, na kilio kimetanda. Kuna nini? Ni yule mtoto, amekula chapati. Hatarudi kwetu tena.

Ni kichekesho, na nimewahi kuona watu wazima wakikisoma kwa sauti mezani. Lakini chini ya kichekesho kuna kanuni ya kale sana: anayekula chakula cha kuzimu harudi duniani. Wagiriki wanaye Persephone na mbegu zake za komamanga. Mignola ameigeuza. Aliyetoka kuzimu amekula chakula cha walimwengu, sasa ni mtu wetu. Mfululizo mzima umekaa juu ya kifungua kinywa hicho. Mashetani wana hati ya kuzaliwa kwake, wana jina lake la siri, wana unabii na taji la moto. Upande wa pili kuna mzee aliyemlea na sahani ya chapati. Katika Wake the Devil, ya mwaka 1996, anapooteshwa pembe zake zote na kuambiwa aikubali nafasi yake, anazishika kwa mikono yake na kuzivunja. Huo ndio ushetani wa kitabu hiki. Kama dini yako inakukataza hata kutazama picha za mapepo, hilo ni lako na Mola wako, sitaliingilia. Ila kama wasiwasi ni kwamba kitabu kinamtukuza shetani, kinafanya kinyume, tena kwa kurasa elfu kadhaa. Hata ardhi ya kanisa katika The Corpse ina nguvu ileile ambayo mwanakijiji wa Ayalandi angeiamini.

Kivutio cha mwisho huonekana kwa anayesoma kwa miaka, na ndicho kinachowafanya watu kama mpwa wako wawe wagumu kukieleza. Madeni ya hadithi hii yanalipwa. Yule kiumbe aliyejifanya mtoto mchanga katika The Corpse anaitwa Gruagach. Usiku ule mambo yanamwendea vibaya, anabaki amefungwa katika umbo la nguruwe, na hadithi inaisha kwa namna ya utani. Miaka zaidi ya kumi inapita. Katika The Wild Hunt, iliyoanza kutoka mwaka 2008, Gruagach anarudi, bado ni nguruwe, bado ana kinyongo, na kwa kinyongo hicho anafufua malkia wa damu ambaye asingepaswa kuguswa. Vita inayofuata inafikia kilele mwaka 2011 katika The Fury, na gharama yake siitaji, maana unaweza kuamua kusoma. Na yule mtoto aliyeokolewa usiku wa maiti? Anarudi pia, sasa ni mwanamke mtu mzima, Alice, na si mpita njia. Mwandishi amechukua kichekesho cha katalogi akakifanya mzizi wa kiama. Ngano zetu nazo zinajua hilo: aliyedhalilishwa na kuachwa hai hasahau.

Nisikusifie tu. Kuna sehemu za Hellboy ambazo mimi hupitisha kurasa. Yale madude saba ya kale yanayolala angani yakingoja kufunguliwa yanaelezwa kwa maneno mengi na kila pepo, na hayajawahi kunitisha hata nusu ya vile vizee vya maiti. Vitabu vya pembeni, vya idara na wafanyakazi wenzake, vimezaana mpaka mgeni hajui aingilie wapi.

Na Afrika, ambayo najua utaiuliza, imo kwa sura mbili. Moja ni Makoma, ya mwaka 2006, iliyochorwa na Richard Corben, ambapo maiti iliyokaushwa katika klabu ya wavumbuzi New York inamsimulia Hellboy kisa cha shujaa wa kale. Hiki ni kisa cha kweli cha Wasena wa bonde la Zambezi, kilichoingia kwenye mkusanyo wa ngano wa Andrew Lang wa mwaka 1906. Makoma anatembea na nyundo ya chuma na mfuko, anakutana na majitu mmoja mmoja, mla moto, mwenye kutengeneza milima, mwenye kuchimba mito, anawashinda na kuwatia mfukoni. Majina yao yana moto na miti ndani yake, huhitaji mkalimani. Corben anachora miili mizito kama udongo uliofinyangwa, na nyika yake ina joto. Naipenda.

Sura ya pili hainipendezi sana. Katika The Third Wish, ya mwaka 2002, Hellboy yuko Afrika na anapokewa na mganga mzee anayempa kengele ya kumkinga. Mganga anaitwa Mohlomi. Jina hilo lina mwenyewe: Mohlomi alikuwa kiongozi na mwenye hekima wa Wasotho wa karne ya 18, msafiri mkubwa, na ndiye aliyemfunda Moshoeshoe aliyekuja kulijenga taifa la Lesotho. Ayalandi ya Mignola ina vijiji, makanisa, na watu wenye ukoo. Huyu mzee kapewa mti, usiku na wanyama. Heshima ipo, lakini kina hakilingani, na sababu yake naiona kwenye rafu ya vitabu: juu ya Ayalandi na Urusi alikuwa na mikusanyo ya ngano iliyotayarishwa na wenyeji, juu yetu alikuwa na Lang. Sisi wenye Steere, wenye Liyongo, na wenye bibi tuliowasikiliza bure, tungemlaumu Mmarekani mpaka lini?

Filamu usizitumie kuhukumu. Zile mbili za Guillermo del Toro, za 2004 na 2008, ni nzuri, ila Hellboy wake ni kijana mwenye wivu wa mapenzi, mtu mwingine kabisa. Ile ya 2019 ilibana vitabu vitatu vya mfululizo ndani ya saa mbili, Gruagach akiwemo, na deni la miaka kumi likalipwa kabla mtazamaji hajajua lilikopwa lini.

Kwa hiyo ufanye hivi. Zile juzuu mbili zilizobaki, tazama kama mojawapo ina The Corpse. Dark Horse walikusanya hadithi fupi mwaka 2018 katika vitabu viwili, na The Corpse imo katika cha kwanza. Kama huna, mwambie mpwa akutumie hicho kwanza, cha pili kifuate, maana Makoma imo humo. Usianze tena ile ya 1994; utairudia baadaye ukipenda, ukishamjua mtu mwenyewe. Wajukuu walio chini ya miaka kumi na tatu wawekee mbali, si kwa sababu ya dini, ni kwa sababu ya ndoto.

Na katika kitabu hicho cha kwanza utakutana na The Crooked Man, ya mwaka 2008, Corben tena, milima ya Virginia, wachawi wa mashambani na mfupa wa paka mweusi unaotolewa kwa kumchemsha. Ilipata Eisner, tuzo ya katuni, mwaka 2009 na ilistahili. Hiyo isome mchana.